Ndoo za Kuchachushia Mabaki ya Jikoni: Tathmini Baada ya Miezi Minane

Anayetaka kujua taka za nyumbani kwake zinatokana na nini hana haja ya kuumwaga mfuko sakafuni. Inatosha aubebe hadi nje kwa mkono mmoja. Vifungashio vya plastiki huutanua mfuko na kuufanya uonekane umejaa, lakini kinachouvuta mkono chini, na kinachodondosha maji yenye uvundo njia nzima, ni maganda, makapi ya chai, chakula kilicholala na matunda yaliyooza kabla hayajaliwa. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani bilioni 2.01 za taka za manispaa katika mwaka 2016, na kwamba asilimia 44 ya taka hizo ilikuwa chakula na majani, ilhali plastiki ilikuwa asilimia 12. Kwa sababu hiyo, nilipoamua kupunguza taka za nyumba yetu ya watu watano, sikuanza na mifuko ya kitambaa wala mirija ya chuma. Nilinunua jozi ya ndoo za bokashi, yaani ndoo za kuchachushia mabaki, na kwa miezi minane sasa karibu kila ganda na kila mfupa mdogo wa jikoni umepitia humo.

Jozi hiyo ina ndoo mbili za plastiki ngumu, kila moja ya lita 16. Kila ndoo ina kifuniko chenye ukanda wa mpira wa kuzuia hewa, sahani yenye matundu inayokaa sentimita chache juu ya kitako ili maji yachujike, na koki ndogo ya kuyatolea maji hayo. Ndani ya sanduku mlikuwa pia na kibao cha kushindilia, kijiko cha kuchotea na mfuko wa kilo moja ya pumba zilizotiwa vijidudu. Sitaitaja chapa, kwa kuwa ndoo za namna hii hutengenezwa na viwanda vingi na hazipishani sana. Ninayoyaeleza yanahusu aina ya kifaa, na pale ambapo kasoro ni ya jozi yangu peke yake nitasema hivyo.

Neno bokashi limetoka katika Kijapani, na wakulima wengi wanalifahamu kama jina la mbolea ya samadi, pumba na molasi inayovundikwa kwa siku chache. Ndoo ya jikoni ni ndugu wa mbolea hiyo, ila namna yake ya kufanya kazi ni nyingine. Pumba zake hubeba bakteria wa asidi ya laktiki, hamira na bakteria wanaotumia mwanga, mchanganyiko ulioasisiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Teruo Higa, profesa wa kilimo cha bustani katika Chuo Kikuu cha Ryukyus kisiwani Okinawa. Vijidudu hivyo, vikiwa mahali pasipo na hewa, hula sukari iliyomo katika mabaki na kutoa asidi, kama inavyotokea katika maziwa yanayoganda au katika majani ya mifugo yanayofukiwa yawe silaji. pH, kipimo ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, ikifika karibu na 4, bakteria waletao uvundo hawawezi tena kushamiri, na hii ndiyo sababu ndoo inaweza kupokea nyama, samaki, jibini na mabaki yaliyopikwa kwa mafuta, vitu ambavyo mwenye lundo la kawaida la mboji huonywa asivitie kamwe.

Msomaji makini anaweza kuuliza: ikiwa chakula kinachofukiwa dampo bila hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hulipasha joto anga takriban mara 28 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa, kwa nini ndoo iliyozibwa isifanye vivyo hivyo? Jibu liko katika uchachu. Vijidudu vinavyotengeneza methani hupenda mazingira yasiyo na asidi nyingi wala alkali nyingi, na ndani ya ndoo asidi huwahi kujaa kabla wao hawajapata nafasi. Kwa maneno mengine, ndoo haiozeshi kitu, inasindika. Ganda la ndizi linalotoka baada ya wiki mbili bado ni ganda la ndizi, limelainika tu na kugeuka rangi.

Maelezo hayo yanafaa kukumbukwa, kwa sababu yanagongana waziwazi na tangazo lililochapishwa kwa herufi kubwa juu ya sanduku nililonunua, linaloahidi mboji tayari kwa siku 14. Ahadi hiyo si kweli. Kinachopatikana baada ya siku 14 ni ndoo nzito ya mabaki machachu ambayo hayawezi kuwekwa kwenye mizizi ya mmea wowote bila kuudhuru. Nitalirudia jambo hili baadaye, maana ndilo linaloamua kama kifaa hiki kinamfaa mtu au hakimfai.

Katika matumizi ya kila siku, ndoo hizi hazina usumbufu mkubwa. Tunakusanya mabaki ya mchana kutwa katika bakuli lenye kifuniko, kisha usiku, vyombo vikishaoshwa, tunaifungua ndoo mara moja tu, kwa kuwa kila ufunguzi huingiza hewa tunayotaka kuizuia. Vipande vikubwa hukatwakatwa, maji hukamuliwa, mabaki hutandazwa na kushindiliwa kwa kibao, halafu hunyunyiziwa konzi ya pumba. Siku ya nyama au samaki huongezwa konzi ya pili. Mara mbili au tatu kwa wiki koki hufunguliwa ili maji yaliyochujika yatoke. Ndoo ikijaa hufungwa na kuachwa kwa wiki mbili huku ya pili ikianza kujazwa.

Hapo ndipo hesabu ya mtengenezaji inapomwangusha mnunuzi mwenye familia. Sisi mwanzoni tuliijaza ndoo moja kwa siku kumi, wakati mwingine tisa. Ndoo ya pili ilipojaa, ya kwanza ilikuwa haijatimiza wiki zake mbili, na kwa siku nne au tano mabaki hayakuwa na pa kwenda. Kwa mtu mmoja au wawili jozi inatosha na kubaki. Kwa watano inahitajika ndoo ya tatu, jambo ambalo lingeweza kuandikwa kwa mstari mmoja tu kwenye sanduku.

Kuhusu harufu, ambayo ndiyo hofu ya kila anayeulizwa aikaribishe ndoo ya mabaki jikoni kwake, naweza kusema kwamba ndoo iliyotunzwa vizuri hunuka siki, na hunuka pale tu inapofunguliwa. Utando mweupe unaofanana na pamba ukionekana juu ya mabaki, hiyo ni dalili njema. Ukungu wa kijani au mweusi ni habari nyingine. Ndoo ya tatu niliyoijaza iliniharibikia kabisa: tulikuwa tumesafiri, maji hayakutolewa kwa zaidi ya wiki moja, na ukanda wa mpira wa kifuniko ulikuwa umejikunja upande mmoja bila sisi kutambua. Nilipofungua nilipokewa na uvundo wa yai viza na funza wasiohesabika. Kosa la maji lilikuwa letu. Kosa la mpira silichukui, kwa sababu ukanda huo haukai vizuri katika mfereji wake, na tangu siku hiyo nimelazimika kuupitisha kidole kila usiku kabla ya kufunga. Hii ni kasoro ya jozi yangu. Ndoo ya jirani, ya kiwanda kingine, ina mpira mpana zaidi na haijawahi kumsumbua.

Maji yanayotoka kwenye koki huuzwa kwa maneno mengi matamu, na wengine huyaita chai ya mboji, jina lisilo sahihi kwa kuwa hakuna mboji iliyokwisha kutengenezwa. Ni maji yenye asidi, rangi ya kahawia isiyokolea, na virutubisho vyake hutegemea kilichotiwa ndoani wiki hiyo. Kipimo cha kawaida ni sehemu moja kwa sehemu 100 za maji safi, na yanapaswa kutumiwa siku hiyohiyo. Mimi, kwa pupa, niliwahi kupima sehemu moja kwa 20, na maua mawili ya kwenye chungu yalikauka ncha za majani kabla ya wiki kwisha. Tangu hapo nafuata kipimo, na sioni tofauti kubwa kati ya mimea inayopata maji hayo na isiyoyapata. Asinunue mtu ndoo kwa ajili ya maji.

Sasa nirudi kwenye lile ambalo sanduku halilisemi. Bokashi ni kazi ya nusu mbili, na nusu ya pili hufanywa na udongo. Mabaki yaliyochachuka hufukiwa kwenye handaki lenye kina cha sentimita 25 hivi, huchanganywa na udongo, hufunikwa, na huachwa wiki mbili hadi nne kabla ya kupanda chochote juu yake ili asidi ipoe. Viumbe wa udongoni huyashambulia kwa kasi ya kushangaza, kwa kuwa uchachushaji umekwisha kuyalainisha. Handaki langu la kwanza lilikuwa na kina cha kiganja tu, na usiku uleule mbwa wa watu walilifukua na kutapanya kila kitu. La pili nililichimba kwa kina kinachostahili na kuliwekea ubao juu. Baada ya wiki tatu nilipolifunua sikuona tena mabaki, bali udongo mweusi wenye harufu ya mvua, vipande vya maganda ya mayai, mifupa miwili na, jambo ambalo sikulitarajia, vibandiko kadhaa vidogo vya plastiki ambavyo wauzaji hubandika kwenye matunda. Vilikuwa safi kana kwamba vimebandikwa jana. Handaki la tano lilinionyesha pia nyavu nyembamba za vifuko vya chai, kwa kuwa vifuko vingi hutiwa nyuzi za plastiki ili vifungike kwa joto. Tangu wakati huo vibandiko hubanduliwa na vifuko hupasuliwa kabla ya kuingia ndoani, na sisi tumerudia kununua majani ya chai yasiyo na kifuko.

Asiye na bustani anaweza kutumia pipa la udongo: kontena kubwa lenye matundu, tabaka la udongo chini, mabaki machachu yakachanganywa na udongo mara mbili ya ujazo wake, kisha tabaka jingine la udongo juu. Nimefanya hivyo msimu wa mvua, bustani ilipojaa maji, na baada ya mwezi mmoja na nusu nilipata udongo wa kupandia. Lakini kontena hilo linahitaji nafasi, ni zito, na udongo wake utahitaji mahali pa kwenda utakapokuwa mwingi. Mtu anayeishi ghorofani, asiye na veranda, asiye na mimea wala jirani mwenye shamba, atajikuta kila baada ya siku kumi amekaa na kilo kadhaa za mabaki machachu asizojua pa kuzipeleka. Na akizitupa kwenye mfuko wa taka, atakuwa amezungusha tu safari ileile ya kwenda dampo, tena kwa gharama ya pumba.

Kabla ya ndoo hizi nilikuwa na sanduku la minyoo wekundu, wale wanaojulikana kwa jina la kisayansi Eisenia fetida, na kwa haki sina budi kuvilinganisha vyombo hivi viwili. Minyoo humaliza kazi. Kinachotoka kwao ni mbolea iliyo tayari, laini, isiyohitaji handaki. Ila ni mifugo, na mifugo ina masharti: hawataki nyama, mafuta, vitunguu vingi wala maganda mengi ya machungwa, wanastawi kwenye nyuzijoto kati ya 15 na 25, na joto likipanda juu ya 30 huanza kukimbia au kufa. Wangu walikufa wakati wa joto kali, na sikuwa na moyo wa kuanza upya. Lundo la kawaida la mboji, kwa upande wake, ni bora kuliko vyote kwa mwenye uwanja mkubwa na majani makavu tele, kwani linahitaji sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa kila sehemu moja ya naitrojeni, na likipangwa vizuri hupanda joto hadi nyuzi 60. Mashine za umeme zinazouzwa siku hizi kwa jina la mashine za mboji sizipendekezi. Nyingi hukausha na kusaga tu, na unga wake ukilowana huanza kuoza upya.

Gharama ya ndoo hulipwa mara moja, lakini pumba hununuliwa daima. Mfuko wa kilo moja uliisha kabla ndoo yetu ya nne haijajaa, nami nikaona kichekesho kisichochekesha: kifaa cha kupunguza taka kinachonidai kila mwezi mfuko mpya wa plastiki. Tulianza kujitengenezea wenyewe. Pumba za ngano au za mpunga hulowanishwa kwa maji yaliyokorogwa molasi na vijidudu vya EM, ule mchanganyiko wa Higa, vinavyouzwa kwenye chupa, kiasi cha kushikana zikifinywa bila kutiririka. Hushindiliwa kwenye chombo kisichopitisha hewa kwa wiki mbili, kisha huanikwa kivulini hadi zikauke. Chupa moja ya EM imetutosha kwa miezi sita na bado haijaisha. Kazi yenyewe ni ya saa moja, isipokuwa kuanika, ambako kunahitaji mtu wa kuwafukuza kuku.

Matokeo kwenye mfuko wa taka ni makubwa kuliko nilivyotegemea, na si kwa uzito tu. Zamani tuliutoa kila baada ya siku tatu, hata ukiwa haujajaa, kwa sababu ya uvundo. Sasa unakaa siku tisa au kumi, ni mkavu, na hauvutii nzi wala panya. Faida ambayo sikuifikiria hapo awali ni kwamba karatasi, makopo na chupa havilowani tena kwa mchuzi. Waokota taka huvichukua bila kuvikung'uta, ilhali karatasi iliyoloa mafuta ya chakula hakuna anayeitaka. Kutenganisha kibichi na kikavu kumefanya nusu ya kazi ya urejelezaji ambayo tulikuwa tukiisimamia kwa maneno bila mafanikio.

Hata hivyo ndoo ina hatari moja ambayo sijaona muuzaji akiitaja. Mwezi wa pili niligundua kwamba tunatupa chakula kilichopikwa zaidi kuliko zamani. Hakuna aliyekusudia, ni kwamba sahani iliyobaki nusu ilikuwa haimchomi tena mtu moyo, maana "inakwenda bustanini, haipotei". Inapotea. Maji, mbolea, mafuta ya usafirishaji na moto wa jikoni vilivyoingia katika sahani hiyo havirudishwi na handaki. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani mwaka 2022, asilimia 60 yake ikiwa imetoka majumbani, sawa na kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka. Kwa mpangilio wowote wa busara, kutopika kupita kiasi kunatangulia, kumpa chakula anayeweza kukila kunafuata, mifugo ndiyo ya tatu, na ndoo inakuja baada ya hao wote. Tulibandika karatasi kwenye kifuniko: kila anayetia chakula kilichopikwa aandike ni kipi na kiasi gani. Wiki mbili za kuandika zilitosha kutuonyesha kwamba tulikuwa tukipika chakula cha jioni kana kwamba bado tuko saba, kama ilivyokuwa kabla ya wawili kuhama. Sufuria ikabadilishwa kwa ndogo, na ndoo iliyokuwa ikijaa kwa siku tisa sasa inajaa kwa siku kumi na mbili.

Kwa hiyo, je, ninaipendekeza? Kwa mwenye udongo, hata kama ni kipande cha hatua tano kwa tatu, ndiyo, bila kusita, hasa ikiwa nyumba hula nyama na samaki na haina subira ya kutunza lundo la mboji. Kwa mwenye uwanja mpana, fedha hiyo ni bora ikanunue sepeto. Kwa asiye na udongo wala mtu wa kumpokelea, hapana, hata muuzaji aseme nini.

Wala si lazima mtu anunue jozi nzima. Ndoo yangu ya tatu, ile iliyoziba pengo la siku nne, niliitengeneza kwa ndoo mbili kuukuu za mafuta ya kupikia zilizoingiana: ya ndani nilitoboa matundu kitakoni kwa msumari uliopashwa moto, ya nje inapokea maji. Haina koki, kila baada ya siku mbili nainyanyua ya ndani na kuyamwaga maji ya nje, kazi ya dakika moja yenye kuhitaji mikono miwili. Wakati huohuo koki ya ndoo moja ya dukani imeanza kuvuja tangu mwezi wa sita, tone moja moja, nami nimeiwekea kikombe chini huku nikisubiri mtengenezaji ajibu kama anauza koki peke yake au ananitaka ninunue ndoo nyingine nzima.